Mkimbizi na mkimbiaji: historia ya kilometa 21 hapa Musumba

  

Kuna vijana wanaouliza: nusu marathoni ni kitu gani? Je, mtu wa hapa anaweza kuikimbia bila kocha na bila viatu vya bei kali? Na kuna wazee wanaowajibu kwa mkato: sisi tumekimbia ya kutosha, mtuache tupumzike. Leo nitajaribu kuyajibu maneno ya pande zote mbili kwa njia ya historia, kwa sababu naona pande zote mbili zina haki.

Neno moja, watu wawili

Kiswahili chetu kina neno moja tu: kukimbia. Mtu anakimbia vita, na mtu anakimbia mbio za kushindana. Wa kwanza tunamwita mkimbizi, wa pili tunamwita mkimbiaji. Miguu ni ileile, barabara inaweza kuwa ileile, hata jasho ni lilelile. Tofauti ni moja: nani ameamua kwamba safari ianze.

Tukishika jambo hilo, tutaona kwamba kilometa 21 si ngeni katika nchi ya Mwant Yav. Babu zetu waliujua umbali huo vizuri sana. Lakini mara nyingi mno waliujua kwa amri ya mtu mwingine.

Safari ya siku moja

Wengi wetu tunasema "Musumba" kama jina la mahali pamoja tu. Zamani lilikuwa jina la mji wa mfalme, popote alipoujenga. Mwant Yav mpya alipotawazwa, aliweza kujenga musumba mpya katika eneo hili la Kalanyi. Wazee husimulia kwamba mji ulipangwa kwa mfano wa kobe, wenye kichwa, mwili na mkia. Kutoka kwa kobe huyo njia zilitoka kila upande: kuelekea magharibi mpaka nchi ya Kasanje na bahari ya Waportugali, kuelekea mashariki mpaka Lualaba na mbele zaidi mpaka Luapula.

Ufalme huo haukuwa na farasi wala gari. Kila kitu kilisafiri kwa miguu ya watu. Chumvi ilitoka kwenye mabonde ya Lualaba kwa miguu. Misalaba ya shaba, ambayo ilitumika kama feza, ilisafiri kwa miguu. Mulambu wa mfalme, yaani kodi ya heshima kutoka kwa machifu wa mbali, ulifika kwa miguu. Mfalme alikuwa na watu wake walioitwa tukwata, mmoja wao kakwata, ambao kazi yao ilikuwa kuzunguka nchini wakikusanya mulambu na kukumbusha kila chifu nani ni mkubwa. Kakwata alipotokea njiani, kijiji kilijua kwamba Musumba inataka kitu.

Katika karne ya 18 kundi la Walunda lilitoka upande huu, likavuka Lualaba, likaenda kukaa Luapula chini ya Kazembe. Mpaka leo, kila mwezi wa saba, watu wa Mwata Kazembe hukutana Mwansabombwe, Zambia, katika sikukuu ya Umutomboko, kuikumbuka safari ile ya kutoka Kola, ndiko kwetu. Ni watu wanaosherehekea mwendo wa miguu wa babu zao.

Njia hizohizo ndizo zilizowapitisha Pedro João Baptista na Amaro José, wachuuzi wawili Waafrika waliotumwa na Waportugali. Waliondoka Kasanje, katika Angola ya leo, mwaka 1802. Walipita kwa Mwant Yav, wakapita kwa Kazembe, wakakawizwa miaka, wakafika Tete, Msumbiji, mwaka 1811. Kisha wakarudi. Walikuwa watumwa wa bwana mmoja wa Kasanje. Wazungu waliokuja baadaye, kama Mjerumani Paul Pogge aliyefika Musumba mwaka 1875, walipata sifa kubwa kwao. Lakini hata Pogge alifuata njia ambazo miguu ya watu weusi ilikuwa imekwisha kuzikanyaga, na mizigo yake ilibebwa na mapagazi.

Sasa hesabu yenyewe. Pagazi wa misafara ya zamani alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, na safari ya siku moja ilikuwa kama kilometa 15 mpaka 25, kwa kufuata maji na vijiji vya kulala. Kwa hiyo ile nusu marathoni ambayo vijana wanaiuliza ni safari ya siku moja ya pagazi. Babu yake angeshangaa kwa jambo moja tu: kwamba mtu anaikimbia bila mzigo, na bila mtu nyuma anayemsukuma.

Ukoloni haukuondoa mzigo, uliubadilisha mwenyewe. Miaka ya kwanza ya utawala wa Wabelgiji, watu walilazimishwa kubeba mizigo ya serikali. Kampuni ya Union Minière ilipoanzishwa mwaka 1906 na machimbo ya shaba yakahitaji mikono, vijana wa vijiji waliandikishwa na kwenda mbali, wengi wao kwa miguu. Reli ya kutoka Benguela ilipokamilika mwaka 1931, ilipita Dilolo na Kolwezi kuelekea Tenke. Haikufika Musumba. Ndiyo maana hata leo mtu wa hapa akisema "niko njiani", mara nyingi yuko kwa miguu, kwa kinga au nyuma ya moto ya mwenzake.

Miaka ya kukimbia

Hapo ndipo wazee wanapoingia na neno lao, na ni lazima tuwasikilize.

Miaka ya 1880, Wachokwe walishambulia nchi ya Mwant Yav, na mji wa mfalme ukaharibiwa. Watu wa Musumba walitawanyika porini. Mreno Henrique Dias de Carvalho, aliyefika mwaka 1887, alikuta ufalme katika shida hiyo.

Mwezi wa tatu mwaka 1977, wapiganaji wa FNLC walivuka kutoka Angola, na Kapanga ilikuwa kati ya miji waliyoichukua. Wanajeshi wa serikali waliporudi, makumi ya maelfu ya watu wa Shaba waliogopa kulipizwa kisasi, wakavuka mpaka kwenda Angola. Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, vita vilifika Kolwezi. Wenye umri wa miaka 60 leo wanakumbuka ni usiku upi waliondoka na nani alimbeba mtoto mdogo.

Mwaka 1992 na 1993, Wakatanga wenye asili ya Kasai, wengi wao wamezaliwa hukuhuku, walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Maelfu kwa maelfu walilala kwenye stesheni wakingojea treni. Wengi walikufa wakingojea, au ndani ya mabehewa. Jambo hilo lilitokea katika mkoa wetu, na si haki kulipita kimya eti kwa sababu leo tunazungumza habari ya michezo.

Halafu mwezi wa nane mwaka 2016, jirani zetu wa Kasai waliingia katika vita vya Kamuina Nsapu. Chifu huyo aliuawa tarehe 12 mwezi huo, na moto ukaenea. Mwaka 2017 waliokimbia makwao walipita milioni moja. Zaidi ya 30,000 walivuka kuingia Lunda Norte, Angola. Wengine walishuka kuelekea Lualaba. Baadhi yenu mnaonisikiliza mlikuwa kati yao. Mlitembea zaidi ya kilometa 21, na mlifanya hivyo siku baada ya siku, bila medali mwishoni. Mwisho wa safari ilikuwa mti wa kulala chini yake.

Kwa hiyo mzee akisema "tumekimbia ya kutosha", anasema kweli, wala haonyeshi uvivu.

Namna umbali huu ulivyopata namba

Tutoke kidogo nchini, tuone kilometa 21 zimetoka wapi katika michezo, kisha tutarudi.

Mbio za marathoni zilianza na Michezo ya Olimpiki ya Athens mwaka 1896, na mwanzoni umbali haukuwa mmoja. Mwaka 1908 mjini London, njia ilipimwa kutoka nyumba ya kifalme ya Windsor mpaka uwanjani, ikawa kilometa 42 na mita 195. Mwaka 1921 umbali huo ukawa sheria kwa dunia nzima. Ukigawa kwa mbili, unapata kilometa 21 na mita 97 na nusu. Hiyo ndiyo nusu marathoni. Ina namba hii ngumu kwa sababu ya nyumba ya mfalme wa mbali, kama vile safari za babu zetu zilivyopimwa kutoka kwa kobe wa Mwant Yav.

Waafrika weusi wa kwanza katika marathoni ya Olimpiki walikuwa Len Taunyane na Jan Mashiani, Watswana wa Afrika Kusini. Ilikuwa mwaka 1904 huko St. Louis, Marekani. Hawakusafirishwa kwenda kukimbia. Walipelekwa kushiriki katika maonyesho yaliyoigiza vita vya Makaburu, wakaingia katika mbio wakiwa hukohuko. Taunyane alifukuzwa na mbwa mpaka akatoka nje ya njia, akarudi, akamaliza wa tisa. Mashiani alikuwa wa kumi na mbili. Hapo tena, miguu iliyopelekwa kwa kazi ya mwingine ilipata saa chache za kujiamulia.

Tarehe 10 mwezi wa tisa mwaka 1960, Abebe Bikila wa Ethiopia alikimbia marathoni ya Roma bila viatu, akashinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Wazee wetu wanaukumbuka mwaka huo kwa mambo mengine. Uhuru wa Kongo ulikuwa tarehe 30 mwezi wa sita. Siku kumi na moja baadaye, Moïse Tshombe, mzaliwa wa Musumba hii, alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Wakati Afrika yote inashangilia miguu ya Bikila, watu wa Katanga walikuwa wanaanza kuhama tena.

Nusu marathoni ilipata ubingwa wake wa dunia mwaka 1992, huko Newcastle, Uingereza, na Mkenya Benson Masya akashinda. Tangu hapo watu wa Afrika Mashariki wameifanya kama shamba lao. Mtanzania Fabiano Joseph alikuwa bingwa mwaka 2005. Mganda Jacob Kiplimo alikuwa bingwa mwaka 2020, na mwaka 2021 huko Lisbon alikimbia kwa dakika 57 na sekunde 31. Ni kama dakika 2 na sekunde 44 kwa kila kilometa moja, mara ishirini na moja, bila kupumzika.

Waliogeuza neno

Lakini bingwa ninayetaka mumjue zaidi ni mwanamke. Tegla Loroupe ni Mpokot wa kaskazini magharibi mwa Kenya. Alipokuwa mtoto alikuwa anakimbia kama kilometa kumi kufika shule. Alishinda ubingwa wa dunia wa nusu marathoni mara tatu mfululizo: 1997, 1998 na 1999. Eneo lake lilijaa bunduki na wizi wa ng'ombe kati ya makabila. Mwaka 2003 alianzisha shirika la amani, akawakutanisha kwenye mbio watu ambao ndugu zao walikuwa wanauana. Mkimbiaji alirudi kuwatafuta wakimbizi.

Mwaka 2016 Loroupe aliongoza timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki, huko Rio, Brazil. Walikuwa watu kumi. Watano walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini kutoka kambi za Kenya. Wawili walikuwa Wakongomani wenzetu waliokimbilia Brazil, Popole Misenga na Yolande Mabika, wachezaji wa judo. Na mmoja alikuwa Yonas Kinde wa Ethiopia, mkimbizi aliyeishi Luxembourg, ambaye alikimbia marathoni.

Katika marathoni hiyohiyo, tarehe 21 mwezi wa nane 2016, kulikuwa na Mkongomani mwenye jezi ya nchi yetu: Makorobondo Salukombo. Alizaliwa Kirotshe, Kivu ya Kaskazini, kando ya ziwa. Familia yake ilikimbia vita, ikafika Cleveland, Marekani. Huko alianza kukimbia shuleni, akasoma mpaka chuo kikuu cha Denison. Baada ya masomo alirudi Kirotshe na kuanza kuwafundisha vijana mbio na masomo pamoja. Mwaka uleule Beatrice Kamuchanga, msichana Mkongomani, alikimbia mita 5,000 huko Rio.

Tazameni tarehe. Salukombo alikimbia siku tisa baada ya chifu Kamuina Nsapu kuuawa. Siku zilezile watu wa Kasai walipokuwa wanafunga mizigo, mtoto wa familia iliyokimbia Kivu alikuwa anakimbia mbele ya dunia kwa jina la Kongo. Hakushinda, mshindi alikuwa Eliud Kipchoge wa Kenya. Lakini alianza mwenyewe, na alimaliza mwenyewe. Neno letu moja lilionyesha maana zake mbili katika mwezi mmoja.

Kwa anayetaka kujaribu

Sasa swali la vijana. Ndiyo, mtu wa hapa anaweza. Mama anayetoka shambani na muhogo kichwani, kijana anayesukuma kinga yenye magunia ya makala, tayari wana miguu na pumzi. Kinachokosekana ni mpango. Haya ni ya kawaida ambayo wakimbiaji wa kila nchi wanayafuata:

Jipe miezi minne. Anza na siku tatu kwa wiki, kamwe usifuatanishe zote. Kimbia dakika mbili, tembea dakika tatu, mpaka nusu saa itimie. Kila wiki ongeza kidogo dakika za kukimbia.

Kimbia polepole kiasi cha kuweza kuzungumza na mwenzako. Ukishindwa kusema sentensi nzima, punguza mwendo. Hapa ndipo vijana wengi huharibu: wanatoka kama wanafukuzwa, na kilometa ya tano inawakuta wamekaa chini.

Siku moja kwa wiki iwe ya safari ndefu. Anza na kilometa tano, fika kumi, kisha kumi na tano, kumi na nane. Si lazima ufike 21 kabla ya siku yenyewe. Kutembea katikati ya mbio si aibu. Mtu akitembea tu kilometa tano kwa saa, atamaliza 21 kwa saa nne na dakika chache. Akichanganya kukimbia na kutembea, anaweza kumaliza kwa chini ya saa tatu.

Kunywa maji safi kabla na baada, na njiani pia. Ondoka alfajiri, jua likiwa bado chini. Kula bukari yako usiku wa kabla, si saa ile unapoondoka.

Na hapa nasema wazi: asiyepata chakula cha kutosha asijilazimishe. Aliyetoka kuugua malaria apumzike mpaka nguvu zirudi. Mwenye maumivu ya kifua au kizunguzungu asimame na aende kumwona muuguzi. Mama mjamzito amuulize mkunga kwanza. Mbio zinaondoa nguvu kabla hazijaongeza.

Wasichana wakimbie wawili au watatu pamoja, na nyumbani wajue wamepita njia gani. Na ndugu wazazi, msichana akikimbia asubuhi msimuulize amemkosea nani.

Njia ya kupima

Njia inaweza kupimwa kwa kilometraji ya moto: kilometa kumi na nusu kwenda, kumi na nusu kurudi. Kabla ya kundi la watu kukimbia, chifu wa kijiji na polisi waambiwe. Katika nchi ambayo imeona tuliyoyaona, watu hamsini wakikimbia pamoja alfajiri, mama mmoja atafunga mlango na mwingine atachukua watoto. Watangazeni mapema kanisani, sokoni na redioni, ili kila mtu ajue kwamba leo hakuna kinachofukuza watu.

Ndugu zangu mliohamishwa, sitawaambia kwamba mbio zitarudisha nyumba. Hazirudishi. Lakini barabara ileile iliyowaleta mkiwa mmebeba watoto, mtoto wenu anaweza kuipita asubuhi moja kwa kupenda kwake, akageuka pale alipopanga kugeukia, akarudi kula. Na ninyi wenyeji, mkimwona, mpeni maji. Wazee wa kijiji wakae pale kwenye alama ya kugeukia, wahesabu wanaopita. Wao ndio wanaojua umbali huu kuliko sisi sote.

Anayeanza mazoezi mwezi wa pili, mvua zikiwa bado zinanyesha, atakuwa tayari mwezi wa sita, njia zikiwa zimekauka na asubuhi zina baridi nzuri.